Sheria Ikiwa Batili, Nani Atajibu?

Somo la historia na uraia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Leo twaendelea na masomo yetu ya historia. Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kwamba kila mmoja anayo karatasi yake, na yule asiyesoma vizuri akae karibu na mwenzake asomaye. Tutakwenda polepole.

Juma lililopita, tulipokuwa tukifunga darasa la jioni hapa Kimamba, mzee mmoja aliinua mkono. Ni mtu aliyekata mkonge tangu ujana wake, na sasa analima mahindi. Akasema: "Mwalimu, mimi nikiingia katika shamba la watu nikakata mkonge usio wangu, nakamatwa, nafikishwa mahakamani. Sawa. Lakini wewe umetufundisha kwamba wakubwa waliwahi kutunga sheria ya kuwaondolea watu haki ya mashamba yao, na mahakama ikasema sheria ile ni batili. Je, wale walioitunga walifikishwa wapi?"

Darasa zima likacheka. Kisha likanyamaza, likanitazama mimi.

Sikumjibu jioni ile. Nilimwomba anipe juma moja nikatafute. Somo la leo ndilo jibu langu kwake, na ninyi mtapima kama linatosha.

Kwanza yafaa tukumbuke jambo moja tulilokwisha kujifunza. Bunge hutunga sheria, lakini Katiba iko juu ya sheria zote. Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yasema kwamba sheria yo yote ikipingana na Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu, na sheria ile itakuwa batili kwa kadiri inavyopingana nayo. Kazi ya kutamka hivyo ni ya mahakama.

Lakini mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Tulipopata uhuru mwaka 1961 Katiba yetu haikuwa na orodha ya haki ambazo mtu angeweza kuzidai mbele ya jaji. Haki hizo ziliingizwa mwaka 1984. Tena hata zilipoingizwa, Bunge liliweka sharti kwamba watu wasizipeleke mahakamani mpaka miaka mitatu ipite, yaani mpaka Machi 1988. Muda huo uliwapa wakubwa nafasi ya kusafisha nyumba, wazitazame sheria za zamani na kuziondoa zile mbaya kabla wananchi hawajaanza kushtaki. Nafasi ile haikutumika ipasavyo. Miaka michache baadaye, Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kutazama kama nchi iwe na chama kimoja au vyama vingi, ilitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zilikandamiza watu.

Sasa na tutazame sheria tatu. Kila moja ina fundisho lake.

Sheria ya kwanza ni ile aliyoitaja mzee wetu. Mimi sikuwa nimezaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, nimeisikia kwa wazazi. Lakini wengi wenu mliiona. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kulikuwa amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Mtu aliacha shamba la babake, akapewa kipande kingine, na pengine kipande hicho kilikuwa shamba la mtu mwingine. Miaka ilipopita, wenye mashamba ya asili walianza kwenda mahakamani kuyadai.

Miongoni mwao walikuwa baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, mkoa wa Arusha. Walifungua kesi mwaka 1987, wakashinda, wakarudishiwa ardhi yao. Rufaa ya wapinzani wao ilikuwa bado inangoja kusikilizwa Mahakama Kuu, ndipo Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Sheria ile ilisema kwamba haki za ardhi za kimila zilizokuwapo kabla ya vijiji kuanzishwa zimekwisha, kwamba hakuna fidia, kwamba mahakama hazina tena ruhusa ya kusikiliza mashauri hayo, na kwamba hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Wenye malalamiko wakatafute haki yao katika baraza maalumu.

Tazameni jambo hili vizuri. Watu wawili wamekwenda kwa jaji kwa njia ya halali, wamefuata taratibu zote, wameshinda. Kisha sheria inatungwa, na ushindi wao unaondolewa mikononi mwao bila ya wao kuulizwa neno. Tena wakati uo huo kulikuwa na Tume ya Rais juu ya mambo ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, iliyofanya kazi tangu 1991, ikazunguka nchi kusikiliza wananchi, na ikatoa taarifa yake mwaka ule ule wa 1992.

Baba na mwana hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu Arusha, wakaipinga sheria yenyewe, wakashinda. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Nyalali, ikaamua kwamba haki ya mtu katika ardhi aliyoipata kwa mila ni mali kama mali nyingine, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kuchukuliwa bila ya fidia ya haki. Vifungu vilivyokataza fidia na kuwafungia watu mlango wa mahakama vikawa batili. Hukumu hii si ya Arusha peke yake. Sisi wa Kilosa, ambao vijiji vyetu vimebanwa kati ya mashamba makubwa ya mkonge na malisho ya ng'ombe, ardhi yetu ya kimila inasimama juu ya msingi uo huo.

Sheria ya pili ni ya takrima. Mwaka 2000, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi. Ikaandikwa kwamba kitu anachotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, kisihesabiwe kuwa rushwa. Basi mgombea aliweza kupika pilau, akagawa vitu, na mtu akisema hii ni rushwa, jibu likawa: hapana bwana, hii ni takrima tu, mila zetu Waafrika kumkirimu mgeni. Lakini katika mila zetu mwenyeji ndiye humkirimu mgeni, wala hamdai kura baada ya kula!

Sheria hiyo ilitumika katika uchaguzi wa 2000 na wa 2005. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na vyama vingine viwili wakaipinga mahakamani. Tarehe 24 Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema vifungu vile ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Vikafutwa. Lakini uchaguzi ulikuwa umekwisha kupita miezi minne nyuma. Hukumu ilifuta vifungu. Haikumwondoa mtu kitini.

Sheria ya tatu ni ya mgombea binafsi, yaani mtu anayetaka kugombea bila ya kudhaminiwa na chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, iliwekwa sheria kwamba mgombea lazima awe wa chama. Mchungaji Christopher Mtikila akaipinga. Tarehe 24 Oktoba 1994, huko Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu akaamua kwamba raia anaweza kugombea bila ya chama. Mwisho wa mwaka huo huo Bunge likabadili Katiba yenyewe ili hukumu ile isiwe na nguvu. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 akashinda tena Mahakama Kuu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mahakama haina uwezo wa kufuta kifungu cha Katiba, na kwamba jambo hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ile ikasema Tanzania imevunja haki yake. Mchungaji Mtikila alifariki dunia mwaka 2015, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu. Katika uchaguzi ule, na ule wa 2020, bado mgombea alitakiwa awe na chama.

Basi, mzee wangu, swali lako: waliotunga walifikishwa wapi? Jibu la kweli ni kwamba hawakufikishwa po pote. Ibara ya 100 ya Katiba yasema kuwa mbunge hawezi kushtakiwa kwa sababu ya jambo alilolisema au kulifanya ndani ya Bunge. Kinga hiyo inafunika kura yake pia.

Mtu akisikia hivi hukasirika. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mbona huu unakata upande mmoja tu? Lakini kabla hatujaitupa kinga hii, tuulize ilitoka wapi.

Mwaka 1512, huko Uingereza, palikuwa na mbunge aitwaye Richard Strode, mtu wa Devon, mahali penye machimbo ya bati. Strode alipeleka bungeni miswada ya kuweka masharti juu ya wachimbaji. Wenye machimbo walikuwa na mahakama yao wenyewe. Wakamshtaki humo, wakamtoza faini, na alipokosa kulipa wakamtia gerezani majuma kadhaa. Bunge likatunga sheria ya kumwokoa, na ndiyo miongoni mwa mizizi ya kinga tuliyo nayo leo. Sasa mfikirie mbunge wa hapa kwetu anayetaka kusema juu ya mshahara wa wakata mkonge, au juu ya shamba lililoachwa pori na mwenyewe. Bila ya kinga, mwenye fedha atamfungulia kesi kila juma, mpaka achoke na kunyamaza. Kinga haikuwekwa kwa ajili ya wakubwa peke yao. Iliwekwa pia kwa ajili ya yule anayewasemea wadogo.

Tena iko nchi iliyojaribu njia ya mzee wetu. Wazee wa Kimamba mnakumbuka kwamba Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge katika nchi hii. Katika nchi yao, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mji wa Athens ulikuwa na utaratibu kwamba mtu akipendekeza jambo lililo kinyume cha sheria za mji, raia ye yote aweza kumshtaki yeye mwenyewe, na akishindwa hutozwa faini. Mwaka mmoja ukipita tangu kutungwa kwa sheria, yeye huwa amesalimika, lakini sheria yenyewe yaweza bado kupingwa.

Je, utaratibu ule ulileta nini? Ulileta uangalifu, hilo ni kweli. Lakini pia wanasiasa waliutumia kama fimbo ya kupigana wao kwa wao. Mmoja wao, Aristophon, alijivuna kuwa alishtakiwa mara 75 na hakushindwa hata mara moja. Mwingine, Ctesiphon, alishtakiwa kwa kupendekeza kwamba Demosthenes avikwe taji la dhahabu. Kesi ilipochunguzwa, kila mtu aliona kwamba shabaha ilikuwa Demosthenes mwenyewe, na mshtaki alikuwa Aeschines, adui yake wa siku nyingi. Aeschines hakupata hata sehemu moja katika tano ya kura za waamuzi, akauhama mji. Wenye kushtaki mara nyingi walikuwa mahasimu, wala si wananchi walioumizwa.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba mbunge afungwe kwa kura aliyoipiga. Binadamu hukosea, na majaji wenyewe hutofautiana juu ya jambo moja, kama tulivyoona katika kesi ya Mtikila. Lakini hapo ndipo penye shauri letu. Wahenga walisema pia kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hatuwezi kuzipima sheria zote batili kwa kibaba kimoja. Sheria inapobatilishwa, nawaomba mwulize maswali matatu.

La kwanza, je, waliijua haki ile walipoivunja? Sheria ya ardhi ya 1992 ilitungwa huku ibara ya 24 imeandikwa, kesi ziko mahakamani, na Tume imezungumza na wananchi. Hapo hapana udhuru wa kutojua. Tena Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mbunge kwa cheo chake, na kazi yake ni kushauri juu ya mambo kama hayo.

La pili, je, waliopiga kura walijinufaisha? Walioruhusu takrima ndio waliokuwa wakienda kugombea miezi michache baadaye.

La tatu, je, baada ya hukumu walitengeneza? Katika ardhi, mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na humo haki ya kimila ikapewa hadhi sawa na hati ya Serikali, ingawa ugawaji wa wakati wa Operesheni nao ulithibitishwa. Katika uchaguzi, mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Huko ni kujibu, hata kama kulichelewa. Lakini katika mgombea binafsi, hukumu ilijibiwa kwa kubadili Katiba. Na katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Mahakama Kuu ilisema tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Rufaa ikakataliwa tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka ule mmoja ulipita, na msichana aliyekuwa na miaka 14 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya pili. Huyo nani atamjibu?

Basi wajibu kwa nani, kama si kwa hakimu? Wajibu kwetu sisi tuliowatuma. Lakini mzee wetu ni mwerevu, najua atasema: "Mwalimu, nitamwuliza vipi mbunge wangu, nami sijui alipiga kura gani?" Na hapo amenikamata. Bungeni sheria nyingi hupitishwa kwa sauti. Spika huwauliza wanaosema ndiyo, kisha wanaosema siyo, naye husikiliza ni sauti zipi zilizo nyingi. Katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano utasoma kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Mnaweza kusoma hotuba ya aliyesema, lakini wale waliosema "ndiyo" tu na kukaa kimya hamtawaona. Kubadili Katiba kunataka kura zihesabiwe, maana lazima zifike theluthi mbili.

Hapa hapa Kimamba, karani wa shamba la mkonge aliandika kila mtu na mizigo yake aliyokata siku ile, na mwisho wa mwezi hapakuwa na ubishi. Mimi naona mwakilishi wetu naye aandikwe vivyo hivyo kwa kila sheria inayogusa haki zilizomo katika Katiba: jina lake, na kura yake. Asishtakiwe, asitozwe kitu. Lakini siku mahakama ikisema sheria ile ni batili, orodha ibandikwe hapa stesheni na sokoni, ili akija kuomba kura tena, mwananchi amwulize: wewe ulisema nini siku ile, na baada ya hukumu umefanya nini kutengeneza? Kinga ya ibara ya 100 inamlinda na gereza. Haimlindi na swali la mwananchi wake, wala haikukusudiwa hivyo.

Liko jambo la mwisho, nalo si tamu. Mbunge aliyepitisha takrima alihitaji mtu wa kuipokea. Pilau ile ililiwa na watu, na khanga zile zilivaliwa. Tukitaka wakubwa wajibu, hapana budi nasi tujiulize tulikuwa wapi. Baba na mwana wa Kambi ya Simba walikuwa wanakijiji kama sisi. Lakini walipoona sheria mpya imewafuta, walirudi mahakamani, na kwa sababu yao kila mwenye shamba la mila nchini ana neno la kusema.

Sasa kiongozi wa kikundi ataongoza mazungumzo. Maswali ni haya:

1. Katika kijiji chenu, ni nani aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji? Mwombeni aeleze shamba lake la asili liliishia mikononi mwa nani.

2. Je, mnakubali kwamba mbunge asishtakiwe kwa kura yake? Asiyekubali aeleze atamlindaje mbunge anayewasemea maskini.

3. Mahakama ikibatilisha sheria, Bunge lipewe muda gani kuitengeneza, na muda ukipita pafanyike nini?

4. Diwani wenu alipiga kura gani katika baraza la mwisho la Halmashauri? Kama hamjui, chagueni watu wawili wakamwulize kabla ya somo lijalo, na majibu yaandikwe.

Mzee wangu uliyeuliza, nakushukuru. Kama jibu halikutosha, inua mkono tena. Kwa herini, mpaka juma lijalo.